Kiti cha Kumrudisha Baba Mkwe Barabarani

Jumatatu, 3 Machi

Nimetangaza rasmi mezani: kufikia Jumapili baba mkwe ataendesha lori tena. Alishika usukani miaka thelathini na moja. Kisha macho yakafifia, leseni ikaenda, na sasa anashinda sebuleni kwetu akibadilisha gia zisizokuwepo.

Kwenye chumba cha makorokoro nina kiti kikuukuu cha basi, fremu ya chuma, usukani, kompyuta yenye mchezo wa malori, na mota mbili za waipa, zile za kufuta kioo cha gari. Gari la kwenye mchezo likiinama, mota zinakiinamisha kiti. Hata asipoona skrini vizuri, mgongo wake utaona.

Kilichobaki ni kufunga vihisi. Kihisi ni kidude kama kizibo cha chupa, chenye pini inayozunguka. Kinaunganishwa na shafti ya mota ili kompyuta ijue shafti imefika wapi. Kazi ya dakika tano. Nahitaji viwili, pakiti ina vinne. Maana yake nina ruhusa ya kukosea mara mbili.

Mwanyumba wangu, aliyemuoa mdogo wa mke wangu, ni mkereza vyuma. Alipita, akauliza pini na shafti nitaviunganishaje. Akasema atanikerezea viungio, si kazi kubwa. Nikamwambia asijisumbue. Mtu huyu ana tabia mbaya ya kusaidia mbele za watu.

Jumanne, 4 Machi

Gundi! Tone moja kati ya pini na shafti. Yakawa manne. Gundi ikateremka mpaka ndani ya kihisi, na hakitazunguka tena maishani mwake. Kidole gumba changu nacho kilikuwa sehemu ya mota kwa robo saa. Mke wangu alileta mafuta ya kupikia, akanibandua bila kusema neno. Ana namna ya kutosema neno inayosikika mpaka kwa jirani.

Jumatano, 5 Machi

Kihisi cha pili. Gundi marufuku. Nilikifunga chote kwenye shafti kwa waya, kikashika barabara. Nikawasha. Shafti ikazunguka, kihisi kikazunguka nayo kizimakizima, nyaya zake zikajisokota kama uzi wa cherehani, zikakatika.

Kumbe tumbo la kihisi linatakiwa litulie, pini peke yake ndiyo izunguke. Hakuna aliyeniambia. Mwanyumba aliniambia Jumatatu, lakini alikuwa akitafuna biskuti.

Ruhusa ya kukosea imekwisha.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeweza! Nimekata kopo la rangi, nikapata vishikio vya kutuliza matumbo ya vihisi. Kati ya kila pini na shafti yake nimechomeka kipande cha mpira wa kupitishia petroli. Pini na shafti hazikunyooka sawasawa, ila mpira unajipinda na kusamehe.

Kiti kilipanda. Kikashuka. Kikaanza kutetemeka kama mgonjwa wa homa, maana mpira unachelewesha habari na kompyuta inasahihisha kosa lililokwisha kupita. Baba mkwe akauliza kutoka sebuleni kama injini imewaka. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ni ya dizeli. Nikasema ndiyo, tena kubwa.

Mtetemo nimeuacha.

Jumapili, 9 Machi

Ukoo mzima mlangoni. Baba mkwe alivaa shati lake la kazi, limepigwa pasi. Alipapasa usukani kwanza, kama mtu anayesalimia.

Kona ya kwanza, kiti kikamlaza kidogo, akatabasamu. Mama mkwe akanitazama kwa heshima, jambo geni kwetu sote. Kona ya pili, mpira wa kulia ukateleza. Shafti inazunguka, pini imesimama. Kompyuta ikaamini kiti hakijasogea hata unywele, ikazidi kusukuma. Baba mkwe akaegama. Akainama. Akalala. Akaishia chini ya meza ya kompyuta. Mke wangu akachomoa plagi.

Niliona nimeua mzazi wa watu.

"Tumepinduka?" sauti ikauliza kutoka chini ya meza.

"Ndiyo, Baba," mwanyumba akajibu.

"Mzigo je?"

"Mzigo salama."

"Basi nyanyueni gari, tunachelewa."

Mwanyumba akatoa rula. Akapima shafti, akapima pini, akaenda karakanani kwake. Baada ya saa moja akarudi na viungio viwili vya shaba vinavyong'aa, kila kimoja na skrubu zake ndogo. Akanyoosha kila pini na shafti yake. Akakiweka kiti sawa, akazungusha kila pini mpaka katikati ya mzunguko wake, ndipo akakaza. Mimi nilishika tochi.

Mtetemo ukaisha. Baba mkwe aliendesha saa nzima. Katikati ya mlima alifumba macho kabisa. Mwanyumba akamwambia afumbue, barabara iko mbele. Akasema aachwe, hivyo ndivyo anavyoiona vizuri.

Mimi nilikuwa na vumbi jichoni. Chumba kile kina vumbi.

Jumatatu, 10 Machi

Nyumba nzima wanakiita kiti cha mwanyumba. Nimewasahihisha wakati wa chai: yeye alileta vyuma viwili tu. Wazo la kiti ni langu. Wazo la kupinduka pia ni langu, na ndilo baba mkwe anawasimulia wageni.

Mama mkwe ameamka akilalamika mgongo. Alipoinama kufagia nilimpima kwa kamba, hakujua. Nitamtengenezea kitanda cha kukanda mgongo, cha mota nne. Mwanyumba ameuliza vihisi nitavifunga wapi. Nimemcheka sana. Vya nini? Mota zikifika mwisho, mama mkwe atapiga kelele mwenyewe.