Flashi Nyekundu ya Bi Mluzi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Chumba cha kona kinageuzwa kuwa chumba cha sanaa! Mkuu wa shule ametangaza leo kikaoni. Sinki. Madirisha mawili makubwa. Meza ndefu zisizochechemea. Miaka kumi na moja nafundisha uchoraji chumba kinachopakana na choo cha wavulana, watoto wanachora mkono mmoja, wa pili umeziba pua. Nikasimama kutoa shukrani. Mkuu akaniambia nikae. Eti mkaguzi wa sanaa anakuja Ijumaa, ataangalia vipindi viwili, kisha yeye ndiye atakayeshauri chumba apewe nani. Mimi au Bi Mluzi.

Bi Mluzi anafundisha Nne A, mimi Nne B. Kaja Januari tu. Jina hilo nimempa mimi, maana hata akipita varandani anapiga mluzi, mtu mzima mzima. Anafundisha kuchora kwa muziki. Ana spika ndogo kama kopo la maziwa, na flashi nyekundu aliyoifunga kamba ya kiatu. Wimbo wa polepole, watoto wanavuta mistari mirefu. Wimbo wa kuchangamka, wanadonoa madoa. Nimemcheka tangu Januari.

Leo nimechungulia dirishani kwake. Watoto arobaini, hakuna anayemchokoza mwenzake. Mmoja kachora mvua mpaka nikajikuta najipangusa bega. Mwanamke anaijua kazi. Nitaliandika hilo hapa na si mahali pengine popote.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Muziki kitu gani bwana! Nimeazima spika ya shemeji yangu, anayepiga muziki kwenye sherehe. Imebebwa na watu wawili. Nikawaambia Nne B wachore wanachokisikia, nikabonyeza.

Walichosikia ni sherehe. Hakuna aliyekaa. Rangi ya bluu ilifika darini. Kimbunga, yule binti ambaye tangu aingie darasani kwangu hajamaliza kipindi akiwa kwenye kiti, alipanda juu ya dawati akapaka kijani kila kichwa kilichopita chini yake. Mkuu alikuja mbio. Alirudi ofisini na kola ya bluu.

Nyumbani mke wangu akauliza ule ukijani masikioni nimeutoa wapi. Nikamsimulia. Akasema mbona jambo jepesi, niende tu nikamuulize yule mwalimu anafanyaje. Nimuulize! Mimi, miaka kumi na moja kazini, nikamuulize mtu wa miezi mitano! Sikumaliza hata chakula.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimeng'amua. Kosa si langu, ni la watoto. Wake wamenyooka, wangu wamepinda. Dawa ni kubadilishana.

Nikamfuata Bi Mluzi kwa sauti laini kabisa. Nikamweleza kwamba Ijumaa mimi nifundishe Nne A, yeye afundishe Nne B, ili mkaguzi aone walimu tunavyoshirikiana. Nilitarajia abishe. Akatabasamu. Akasema wazo zuri sana, siku nyingi anatamani kukaa na yule binti mchangamfu.

Mchangamfu! Nusura nicheke mbele yake. Nilimwonea huruma kidogo. Ilipofika saa ya chai huruma ilikuwa imekwisha.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Flashi ninayo. Sikuiba. Aliiacha juu ya meza ya walimu, nami nikaiazima bila kumsumbua.

Nimeisikiliza nyumbani. Nyimbo tisa, hazina majina, namba tu. Nimechagua ya kwanza. Mtu mwenye akili timamu huanza na moja. Tena ni tamu, inachangamsha. Mke wangu alikuwa akipiga pasi. Akasema wimbo huo unamtia hamu ya kuosha vyombo. Nikamwambia muziki haujui. Akauliza flashi ya nani. Nikasema ya ofisi. Akaitazama ile kamba ya kiatu, akarudi kwenye pasi yake.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mkaguzi ni bibi wa miwani minene, hana maneno mengi. Alikaa nyuma na daftari lake. Karatasi zimepangwa, maji yapo, rangi zimefunguliwa, Nne A wametulia. Nikatoa hotuba fupi: leo muziki ndio utakaotufundisha. Nikaweka namba moja.

Wakanyanyuka wote arobaini. Nikasema moyoni, haya, ndiyo mambo! Wakafunika rangi. Wakaosha brashi ambazo hazijatumika. Wakakusanya karatasi, wakafuta meza, wakamwaga maji nje. Mtoto mmoja akanitoa brashi mkononi kwa heshima zote, akaiosha. Mwingine akachukua kalamu ya mkaguzi, akaipangusa, akaisimamisha kwenye kopo la brashi. Wimbo ulipokwisha walikuwa mstarini mlangoni. Nikawaamuru warudi kukaa. Kiranja akanieleza taratibu, kama anayemwelekeza mgeni, kwamba mwalimu, wimbo huu ukiisha huwa tunatoka. Wakatoka.

Mkaguzi akauliza kama kipindi ndicho hicho. Nikasema huo ulikuwa utangulizi.

Tukaenda Nne B. Nilikuwa bado na tumaini moja: Kimbunga. Mlangoni sikusikia fujo. Nilidhani wamekimbia wote. Kumbe wamo! Bi Mluzi, hana flashi, hana chochote, kapindua ndoo ya njano ya kudekia, anaipiga kwa kiganja polepole huku akipiga mluzi. Na watoto wangu, hawa hawa wa kupaka dari, wanachora. Akipunguza, brashi zinapunguza. Akinyamaza, zinanyanyuka na kungoja.

Kimbunga alikuwa amekaa. Amekaa kwenye kiti! Ulimi nje, anavuta mstari mmoja mrefu wa bluu, unazunguka karatasi nzima bila kukatika. Nikainama kutazama. Akaniambia kwa upole nisogee, namzibia mwanga. Nikasogea. Mwaka huu wote nimemjua mtoto huyu kwa visigino tu, akikimbia. Machozi yalinilenga, nasema kweli tupu. Nikamvulia kofia yule mwanamke, kimoyomoyo.

Chumba kapewa yeye. Kwangu mkaguzi ameandika maneno mawili: usafi bora.

Jioni Bi Mluzi akanifuata. Akasema flashi alijua iko wapi tangu jana, kamba ya kiatu ilikuwa inaning'inia mfukoni mwangu. Alidhani nimeshajua kazi ya kila namba. Ningemuuliza angeniambia namba moja ni ya kusafisha, kwa sababu asiyeweza kuosha brashi bado hajaanza kuchora. Wimbo wa kuanzia ni namba nne. Halafu akasema amekwisha kumwomba mkuu chumba tukitumie kwa zamu. Jumatatu nianze mimi. Nimekaa karibu na choo vya kutosha.

Nilitaka kusema asante, nikajikuta nimemwamkia shikamoo, na mimi ni mkubwa kwake kwa miaka kumi na mitano. Akaitikia marahaba bila kucheka. Ana moyo, huyu.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nimewaza siku mbili mfululizo. Mke wangu anasema funzo liko wazi. Kweli, liko wazi kabisa, sijui nilikuwa sioni nini.

Siri si flashi. Ni ndoo!

Nimefika shule kabla ya mtu yeyote. Ndoo ya njano sasa iko chini ya meza yangu, chumba cha kona, nimeifunika koti. Kimbunga ameniona. Akaniuliza kama nataka anionyeshe inavyopigwa. Nikamwambia mimi si mtu wa kufundishwa kupiga ndoo.

Saa tatu Bi Mluzi akapita akiulizia ndoo yake. Darasani kwake kumemwagika maji, na alinipa zamu ya kwanza kwa hiari yake, nisingeweza kumwacha ahangaike peke yake. Nimemsaidia kuitafuta shule nzima, mpaka kipindi changu cha kwanza chumba cha kona kikaisha.