Mwitikiaji wa Faidha

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Shule sikuiona. Nasema mimi, anaandika mkwe wangu, Mama Faidha. Kauliza, aandike hata nikimsema yeye? Aandike! Asipunguze neno.
Leo Mwalimu Cyril kaniita shuleni. Kanipa shikamoo mara mbili, nikajua kuna ubaya. Mjukuu wangu Faidha yuko la tatu na kusoma hajui. Ijumaa atasomeshwa mbele ya mwalimu mkuu na darasa zima. Akikwama anarudishwa la pili, dawati moja na mdogo wake Shamsia. Mtoto kalia mpaka kwikwi. Dawa, kasema mwalimu, ni kusoma naye kwa sauti kila jioni. Nikasema sawa. Hakuuliza kama najua herufi. Shauri yake!

Jumanne, 7 Oktoba
Tumeanzia shambani, tukiokota korosho. Faidha kasoma neno moja, kanyamaza. Nikamwitikia: Enhee! Kwetu hadithi isiyo na mwitikiaji ni maneno ya mgonjwa wa homa. Akasoma la pili. Enhee! La tatu. Enhee! Ukurasa mzima umekwisha, na ndoo ya korosho haijafika hata nusu. Nimefundisha!
Jirani yangu Anjelina kachungulia. Kasema nakohoa kama mbuzi. Mjukuu wake Yoeli anasoma mwenyewe kama redio. Nikamwambia hata redio inakula betri.

Jumatano, 8 Oktoba
Sauti imekauka. Nikamweka mkwe wangu aitikie. Kaitikia kama anaomba chumvi kwa mtu waliyegombana naye. (Andika!) Mtoto kakwama mstari wa pili.
Nikapata akili. Nikaenda kwa Anjelina, nikamnong'oneza kwamba kuitikia kunataka kifua, na yeye maskini kazeeka. Kaja mbio na kigoda chake! Enhee yake inafika Newala mjini. Faidha kamaliza kurasa tatu. Jioni namkuta Anjelina bombani, anatangazia foleni nzima ya maji kwamba yeye ndiye kamfundisha mtoto. Mwizi!

Alhamisi, 9 Oktoba
Mwalimu kapata habari. Kasema kesho mtoto atasoma peke yake, watu kimya. Kimya! Kama mchawi?
Tukajaribu. Faidha kasoma "Fisi", kanitazama. Nikang'ata kanga. Kanitazama mpaka adhana ya magharibi, neno la pili halijatoka. Kisha kauliza kama miguu yake itaenea kwenye dawati la Shamsia. Hilo limenichoma. Nikamwambia alale, bibi yake yupo. Kesho nasimama chini ya dirisha.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimefika kengele haijalia. Anjelina keshafika! Kasimama juu ya ndoo, na ndoo yenyewe yangu, niliyomwazima msimu uliopita. Nami nikapanda hiyo hiyo.
Faidha kasoma "Fisi". Tukaitikia wote wawili, kila mmoja akitaka kumzidi mwenzake. Ndoo ikapasuka. Mwalimu mkuu katoka, katupa shikamoo, katusindikiza mpaka getini, na geti kalifunga.
Ndani kimya. Mimi naomba dua, Anjelina anapiga ishara ya msalaba. Kimya. Halafu darasa zima kwa pamoja: Enhee! Na tena. Na tena! Hadithi imesomwa mpaka fisi kazikwa.
Kafaulu! Harudi la pili! Nikamkumbatia Anjelina, kisha nikakumbuka ndoo.
Mwalimu Cyril katufuata, jasho linamtoka. Kasema sasa darasa zima halisomi mpaka liitikiwe, hata Yoeli. Redio imezima! Kaniomba nipunguze sauti kidogo kidogo, Faidha azoee kusoma mwenyewe. Nimemwahidi.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mkwe wangu kasema anaweza kunifundisha herufi. Nimemuuliza za nini, na mtoto nimeshamsomesha?
Jioni Faidha kakaa kwenye kivuli cha mkorosho, kitabu magotini. Midomo kaifumba. Nikamshika paji la uso. Homa hana. Kasema anasoma, bibi. Kweli macho yanatembea. Mara kacheka peke yake, na kafunua ukurasa bila kuambiwa na mtu.
Nikakumbuka ahadi. Nikang'ata kanga. Nimevumilia, Mungu shahidi, nimevumilia ukurasa mzima.
Enhee!
Na kutoka kwa Anjelina: Enheee!