Kopo la Siagi la Bi Marva

Jumapili, 10 Septemba

Zimebaki siku sita! Leo Clete Wozniak, mwamuzi wetu pale kwenye kiwanja cha shabaha, alisimama mbele ya ubao wa mabingwa na bisibisi mkononi, akatutangazia kwamba nafasi ya kibao cha shaba imebaki moja tu. Ubao mpya utatundikwa kwenye ukuta wa kuelekea chooni. Moja! Ubao ule una jina la baba mkwe, 1978. Una jina la mjomba wa mke wangu. Una hata la binamu yake Loretta, ambaye nikimtazama akilenga nadhani amefumba macho yote mawili. Mimi, Virgil Hoffstetter, nimekuwa wa pili mara tisa. Wa pili haandikwi popote.

Adui ni Bi Marva Dietz. Miaka sabini na mmoja, dereva mstaafu wa basi la shule, hufuma soksi kati ya mzunguko na mzunguko. Hadi mwaka juzi alikuwa wa tano, wa sita. Mwaka jana, ghafla, bingwa! Nimepiga hesabu. Bunduki zetu zafanana kama mayai. Baruti tunagawana kutoka pipa moja. Mabenchi ni yale yale ya zege. Kilichobaki ni vichwa vya risasi, ambavyo kila mmoja wetu hutengenezewa na fundi wake. Vyake anavibeba kwenye kopo la siagi lisilo na jina la fundi.

Nilimuuliza anatengenezewa na nani. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, “Wewe Virgil, acha utani wako!” Kisha akaniambia nitazame bendera za upepo. Mjanja huyu! Anataka nitazame vitambaa ili nisitazame kopo.

Jumatatu, 11 Septemba

Siku nzima kwenye banda la gari. Nimepanga vichwa vyangu vyote mezani, makasha saba, mafundi saba. Vya bwana wa Ohio nilivingoja miezi minane; huyo hapokei simu, hupokea kadi za posta tu. Vya ndugu wawili wa Altoona vina kitako kizuri, lakini ndugu wenyewe hawasemezani, na nahisi chuki hiyo imeingia kwenye shaba. Nikapima kimoja kimoja. Vitano vimezidi wenzao kwa uzito wa kope. Nikavitenga kama wenye ndui.

Vile nilivyovitengeneza mwenyewe Januari mwaka jana sivihesabu. Nilivipiga mara moja, siku ya kimbunga, vikatawanyika kama kuku walioona mwewe. Vyote mia nane nikaviweka kwenye meza ya chukua-ukitaka pale klabuni, na sikugeuka nyuma.

Nadine, mke wangu, alichungulia akauliza kama kuna siku nitaketi naye kula. Nikamwambia Jumamosi saa kumi, nikiwa bingwa.

Jumanne, 12 Septemba

Mpango umekamilika! Kwetu kuna desturi: mtu akiishiwa vichwa hanyimwi. Unaweza kumchukia jirani wa benchi miaka ishirini, lakini akikwama unampa vyako, akushinde navyo. Basi kesho kwenye mazoezi nitamwaga vichwa vitano, kwa bahati mbaya, miguuni pa Bi Marva. Nimefanya mazoezi ya kujikwaa jikoni. Nadine aliniuliza kama nimepata kiharusi.

Jumatano, 13 Septemba

Nilijikwaa vizuri mno. Kasha zima la bwana wa Ohio limeingia mtaroni. Miezi minane!

Wakaja mbio. Sijawahi kuona wema wa kuudhi namna ile. Clete alinijazia kiganja. Wengine sita wakafuata, kila mmoja na vya fundi wake, wakiniambia pole, kaka, haya ndiyo maisha. Nilipofika kwa Bi Marva mifuko yangu yote miwili ilikuwa imelemea. Akanitazama, akasema, “Wewe umeshashiba, mwanangu,” akanipa biskuti ya shayiri.

Biskuti ilikuwa nzuri. Naiandika kwa sababu mimi ni mtu wa haki.

Alhamisi, 14 Septemba

Alhamisi wanawake wa kanisa hutengeneza pierogi, vile vitumbua vya unga vyenye viazi ndani, za kuuza. Nadine anakanda unga, Bi Marva anaponda viazi. Nilimwomba mke wangu adodose. Akasema yeye hakuolewa awe shushushu, nikitaka siri niende mwenyewe nikamenye vitunguu.

Nimemenya kilo tisa. Machozi yalinitoka, na hayo machozi ndiyo yaliyoniokoa! Bi Marva alidhani nalia kwa ajili ya ubao. Akaniuliza mbele ya akina mama wote, “We mtu mzima, kibao cha shaba kinakuliza?” Nikasema ndiyo. Akina mama wakaguna kwa huruma. Loretta akanipa leso.

Bi Marva akanipeleka kwenye gari lake, akafungua kopo kidogo tu, akanihesabia vichwa thelathini ndani ya bahasha. Akasema vinakaribia kwisha, na hajui atamwombaje fundi amtengenezee vingine, maana fundi mwenyewe kichwa chake si kizima. Kisha akanikonyeza! Nikamkonyeza pia. Sikujua kwa nini.

Sharti moja: niahidi kuweka bendera zangu za upepo siku ya shindano. Nikaahidi kuziweka.

Ijumaa, 15 Septemba

Nitaishi milele!

Nilivipima kabla ya kahawa. Havipishani hata kwa uzito wa kope. Vitako bapa kama meza ya benki. Nikaenda kiwanjani alfajiri, ukungu umelala bondeni, hakuna hata jani linalotikisika. Yadi mia moja. Nikapiga vitano. Tundu moja! Sitanii: tundu moja, punje moja ya mbaazi ingeliziba.

Huyu fundi ni nani? Ana mkono wa daktari wa macho na subira ya mtawa. Huyu hajawahi kugombana na mtu. Nimemwandikia barua hapo hapo juu ya boneti: “Mheshimiwa Fundi, miaka thelathini nimepiga shabaha, sijaona kazi kama yako. Tafadhali nitengenezee elfu moja kabla ya Machi. Niko tayari kusubiri. Niko tayari kulia.” Bahasha sijaiandika anwani. Kesho nikishinda, Bi Marva atanitajia jina.

Vimebaki ishirini na vitano. Shindano ni karatasi tano, risasi tano kila moja, na anayeshinda ni yule ambaye matundu yake yamekumbatiana kuliko ya wote. Tano mara tano, ishirini na tano. Hakuna cha kupoteza! Zile risasi za kuonja upepo kabla ya kuanza nitapiga kwa vile vya msaada vilivyojaa mifukoni. Akili.

Jumamosi, 16 Septemba

Naandika nikiwa garini.

Bendera niliziweka. Nne, zote mpya. Niliahidi kuziweka, kuzitazama hatukuzungumza.

Karatasi ya kwanza, tundu moja. Watu wakaja kuchungulia. Ya pili, tundu moja na nusu. Ya tatu, Clete aliipima mara mbili, akapiga mluzi. Baada ya karatasi ya nne nilikuwa naongoza kwa unene wa unywele, na mtu akanong'ona nyuma yangu kwamba Hoffstetter leo kapandwa na malaika. Nilimwona Clete akigusa bisibisi mfukoni.

Ya tano. Nilionja upepo kwa cha Clete, kikaenda kushoto. Vya Altoona vikaenda juu. Cha nani sijui kikaenda kwa jirani, na jirani akanung'unika. Sikujifunza chochote, lakini nilijisikia tayari. Nikapiga vyangu vitano kwa sekunde kumi na tano, kabla bahati haijabadili mawazo. Vinne tundu moja. Cha tano kikatoka upana wa kidole gumba. Nilipoinua macho, bendera zangu zote nne zilikuwa zimegeuka upande wa pili zikinipungia.

Bi Marva hakupiga. Alikaa na mikono magotini, dakika moja, mbili, tano. Nikadhani amelala. Ikabaki dakika moja, bendera zikarudi zilikokuwa. Akapiga vitano, akachukua soksi yake.

Clete amekwishafunga kibao chenye jina lake. Skrubu mbili. Nimesikia kila mzunguko.

Nikamfuata, nikamwambia mbele ya watu wote kwamba yamekwisha, sasa anitajie fundi. Akanikazia macho. Akasema, “Virgil, hukuwa unanitania?” Akafungua kopo, akatoa kikaratasi kilichokaa chini ya vichwa. Mwandiko ninaujua. V.H., Januari. TAKATAKA.

Clete akaanza kucheka, akalazimika kushika ubao.

Bi Marva peke yake hakucheka. Akaniambia taratibu kwamba vimebaki arobaini, na kama sitaona vibaya, nimtengenezee vingine, nami nijitengenezee. Akasema tungekaa mabenchi jirani, angenionyesha namna ya kusoma zile bendera. Nikamwambia nitafikiri.

Jumapili, 17 Septemba

Nimefikiri! Nimeruka kutoka kitandani!

Tazama ushahidi. Vichwa ni vile vile. Fundi ni yule yule. Vikikaa kwenye kasha langu la karatasi, vinatawanyika kama kuku. Vikikaa mwaka mmoja na zaidi kwenye kopo la siagi, vinapita tundu moja. Mtoto mdogo angeona. Ni kopo!

Swali ni siagi ya aina gani. Ya chumvi au isiyo na chumvi? Nimenunua makopo kumi na moja. Nadine anapika keki ya tatu tangu asubuhi ili siagi niliyoimwaga isiharibike. Saa nne Bi Marva alipiga simu kuuliza kama nimefikiri. Nikamuuliza kopo lake aliliosha kwa maji ya moto au ya baridi. Akakata.

Ubao mpya una nafasi thelathini. Chooni watu hupita mara nyingi zaidi, ukifikiria vizuri.

Mezani nilikuta ile barua yangu ya boneti. Nadine ameiandika anwani: Bwana V. Hoffstetter, nyumba hii hii. Nimeisoma yote. Inagusa moyo. Lakini nimemjibu bwana huyo kwamba haitawezekana. Fundi namjua vizuri, si wa kutegemewa, na kwa sasa nina majaribio ya siagi.