Hotuba ya Diwani Wigmore Mbele ya Mlango wa Kituo cha Urithi

Mheshimiwa Meya wa Osmerton, pamoja na mkufu wako wa cheo. Mheshimiwa mke wa Meya. Mchungaji wa kanisa letu la kale. Bwana Mpiga Mbiu na kengele yako, ambayo nakuomba sasa uitulize. Mama Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Vikapu vya Maua. Wageni wetu mlioshuka kwenye basi la wastaafu mkidhani mnapelekwa baharini. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya glavu. Mvua inanyesha, hakuna anayeitaja.)

Mimi, Diwani Bernard Wigmore, Mwenyekiti wa Kamati ya Urithi, Utalii na Maegesho, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa ambao wengi wameusifu, kuzindua Kituo hiki cha Urithi wa Soko la Kale, ambacho, kwa mujibu wa upembuzi yakinifu uliofanywa na mimi mwenyewe kwa kushirikisha wadau wote nilioweza kuwafikia kwa miguu, kitaupaisha mji huu kimkakati, kimchakato na kimtazamo.

(Bi Maureen Tapscott, muuza jibini, aliye wa kwanza kwenye foleni: "Bernard, fungua mlango.")

Nafika huko, Bi Maureen. Mtakumbuka kwamba miezi kumi na minane iliyopita niliwahamisha wauzaji wote kutoka kwenye Msalaba wa Soko, mnara wetu wa mawe wenye ngazi hapo ng'ambo ya barabara, ambako ukoo wa Tapscott umeuza jibini kwa vizazi vinne, nikawapeleka kwenye maegesho nyuma ya duka la chipsi. Haikuwa chuki. Utafiti ulionyesha kuwa wageni wanaokuja kutazama soko la kale walikuwa wakizibwa macho na soko. (Sauti: "Loo.") Nikamwahidi Bi Maureen chumba cha kwanza humu ndani, na ahadi yangu iko palepale ilipokuwa.

("Huko nyuma wateja hawafiki, Bernard. Wiki iliyopita niliuza kipande kimoja, tena kwa dada yangu.")

Takwimu zinasema vingine, mama. Tangu tuweke vile vibao vya kahawia vya kuelekeza watalii, wageni wameongezeka kwa asilimia mia nne! (Makofi.) Wako wakorofi wanaodai kwamba kila kibao kinaelekeza kwenye kibao kinachofuata, na cha mwisho kinarudisha kwenye cha kwanza, hivyo mgeni mmoja hupita mbele ya choo cha umma mara nne na kuhesabiwa mara nne. Nawajibu: je, hakupita?

Na kama kuna anayetilia shaka, atazame foleni hii! Saa tatu asubuhi Bi Maureen alisimama mlangoni na jibini zake. Akaja bwana mmoja akasimama nyuma yake. Sasa mko sitini, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mnasubiri nini. Huo ndio urithi, ndugu zangu! (Foleni inasogea hatua moja, bila sababu.)

Osmerton juzi! (Juu!) Osmerton jana! (Juu!) Osmerton leo! (Mtu anakohoa.)

Nimalizie kwa shukrani. Naishukuru kamati yangu kwa vikao hamsini na viwili, ambavyo katika kimojawapo, Jumatatu hii, ilibainika kwamba hatukuwahi kumpa mtu yeyote kazi ya kujenga. Namshukuru kwa dhati Bwana Cyril Mudge, fundi wa mabango, ambaye kwa siku tatu tu ametuchorea juu ya turubai madirisha manne, paa la vigae, paka na mlango huu mzuri wa mwaloni. Nawashukuru nyote kwa kutokisogelea Kituo. Bi Maureen, nakuomba sana, usiusukume mlango. Rangi bado mbichi.

(Bi Maureen ameusukuma. Kituo chote kimeanguka. Amelikunja turubai, akavuka nalo barabara hadi Msalaba wa Soko, akalitandaza kwenye ngazi na kupanga jibini zake juu ya madirisha.

Diwani: "Bi Maureen, huna kibali."

Bi Maureen: "Wa kwanza ni nani?"

Foleni imegeuka, yote, kwa mpangilio uleule.)