Mtahiniwa wa Mara ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Zimebaki siku kumi na moja. Mtihani wa leseni ya uuguzi, mara ya tatu. Mara ya kwanza nilifeli kwa bahati mbaya. Mara ya pili kwa bahati mbaya ileile. Nikifeli safari hii, narudi chuoni mwaka mzima kukaa dawati moja na watoto waliozaliwa nikiwa najua kufunga kamba za viatu!

Dada, ninayekaa kwake, ameongeza sharti lake. Nikifeli, nitapiga pasi kwenye chumba chake cha ushonaji mpaka ndevu ziote mvi. Alisema akiwa na pini tano mdomoni. Mwenye pini mdomoni habishiwi.

Leo nimechora ratiba ya kusoma. Rangi tatu. Nyekundu kusoma, bluu marudio, kijani mapumziko. Kuichora kumenichukua asubuhi nzima, kwa hiyo nikaanza na kijani.

Jumanne, 4 Machi

Wodini. Bila leseni mimi ni msaidizi tu: natandika vitanda, naogesha wagonjwa, nabeba mabakuli ambayo sitayaelezea hapa. Kamusi naye ni msaidizi, ila anafanya mtihani kwa mara ya kwanza. Tunamwita Kamusi kwa sababu ukimuuliza saa atakueleza saa ilivyotengenezwa. Ana miaka ishirini na mbili. Ananiita kaka kwa heshima inayouma.

Leo Sista Mkuu, kiongozi wa wodi, alituuliza wagonjwa wawili wakiita pamoja, tuanze na yupi. Nikasema yule anayepiga kelele zaidi. Kamusi akasema kwanza njia ya hewa, kisha kupumua, kisha mzunguko wa damu. Sista Mkuu akamwangalia Kamusi kama mtu anayeangalia mvua baada ya kiangazi. Mimi akaniambia anayepiga kelele ana pumzi ya kupigia kelele, nimwogope aliyenyamaza.

Mwalimu mstaafu wa kitanda namba sita alisikia yote. Anaumwa kisukari, na kidonda chake cha mguu kinapona polepole. Ulimi wake haukuwahi kuumwa. Akasema kwa jibu lile angenisimamisha kwenye kona mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Mzee yule hajawahi kukubaliana na lolote ninalosema. Nikimwambia habari za asubuhi, anauliza ushahidi uko wapi.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Mwenye mashine ya fotokopi karibu na lango la hospitali amenipa karatasi za mtihani. Za kweli, zimevuja. Nami nimemwahidi kwamba siku akiumwa hatapanga foleni. Kurasa kumi na mbili. Ya kwanza haipo, ndiyo dalili kwamba ni siri kubwa.

Nimejifungia chumbani. Ratiba nimeigeuzia ukutani ili isinitazame.

Maswali ni magumu kuliko ya mwaka jana. La tisa lasema mama mjamzito wa mara ya tatu ana kilo mia nne na ishirini. Makosa ya uchapaji, bila shaka. La kumi na moja laonya mhudumu asisimame nyuma yake. Nikamkumbuka Dada alipokuwa na mimba ya pili. Ushauri wa busara kabisa. Nimeukariri.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu. Natamani ardhi ipasuke.

Kikundi chetu cha kujisomea hukutana saa saba kwenye chumba cha kukunjia mashuka. Leo nilitaka kumkomoa Kamusi kwa swali la kwenye karatasi zangu. Nikakohoa. Nikauliza, kwa sauti ya daktari bingwa, ni hatua gani ya kwanza iwapo mama aliyejifungua jana amekataa nyasi na kiwele kimevimba.

Kamusi akaniomba nirudie. Nikarudia, mjinga mimi, tena polepole ili aelewe. Akaniuliza kwa upole kama mama huyo ana pembe.

Ulikuwa mtihani wa matabibu wa mifugo! Nimekariri majibu thelathini na nane ya ng'ombe! Kamusi akasema yeye binafsi anafurahi kuona nimeanza kusoma, hata kama nimeanzia zizini.

Mpaka saa kumi habari ilikuwa imefika jikoni. Mpishi aliponiona akauliza mifugo hawajambo. Mwalimu wa namba sita alicheka mpaka Sista Mkuu akaja kukagua mshono wa jirani yake, maana naye alikuwa anacheka.

Mwenye fotokopi nilimkuta. Anasema yeye hakusema ni mtihani wa nini.

Jumapili, 9 Machi

Mpango mpya, safi, hauna ng'ombe. Kwa nini nisome sura saba wakati kikundi kina watu saba? Nimejiteua mwenyekiti. Kila mmoja nimempa sura moja aisome na kuja kunieleza. Mwenyekiti hana sura, mwenyekiti anaratibu.

Jioni wamefanya uchaguzi. Sikuarifiwa. Mwenyekiti ni Kamusi. Mimi nimepewa sura ya figo, ndefu kuliko zote, na jukumu la kuleta viti.

Jumatatu, 10 Machi

Niandike hii taratibu kama ilivyotokea.

Saa mbili asubuhi. Gari la chai lilikuwa limekwama, gurudumu moja limechomoka, na wodi nzima ilikuwa haijapata kifungua kinywa. Nilikuwa nabadilisha mashuka ya kitanda namba tano, kisha nikageuka kumsalimia Mwalimu kama kawaida. Kumchokoza tu, nikamwambia sura ya figo nimeimaliza yote.

Akasema, "Hongera sana, mwanangu. Nilijua unaweza."

Mzee huyu! Nikamwambia tena kwamba mwaka huu nitaongoza taifa zima. Akasema, "Bila shaka, bila shaka," na akaniita kwa jina la kaka yake. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi na umelowa jasho, vidole vinatetemeka kama vya mtu aliyebeba mzigo. Kola ya fulana imelowa, na asubuhi ilikuwa na ubaridi.

Sikuwaza kitabu hata kimoja. Niliita tu. Nilivyoita, wanasema walinisikia mpaka mapokezi.

Sista Mkuu alikuja haraka lakini bila kukimbia, jambo ambalo bado sijui anavyoliweza. Akamtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo. Mbili nukta sita, sukari imeshuka mno. Alichomwa insulini, dawa ya kushusha sukari, saa moja na nusu, na chakula hakikuja. Insulini ikakuta tumbo tupu.

"Mwalimu, unanisikia? Meza mate nione," akasema Sista Mkuu. Akameza. Ndipo akaniagiza maji nusu kikombe, vijiko vinne vya sukari. Kijiko kiligonga kikombe kama kengele. Tukamkalisha wima, akanywa taratibu. Sista Mkuu akaniambia, huku macho yakiwa kwa mgonjwa, kwamba angekuwa hawezi kumeza tusingempa hata tone mdomoni, lingeingia mapafuni. Hapo sukari hupitia kwenye mshipa.

Dakika kumi na tano. Sijawahi kuona dakika nene kama zile. Nilikaa kwenye kiti, nimemshika mkono. Kusema kweli, niliogopa sana. Nilifikiri habari ya kubaki wodi hii bila mtu wa kunibishia.

Akapimwa tena. Nne nukta nane. Akafungua macho vizuri, akauliza kwa nini nimemshika mkono kama mchumba. Kisha akasema figo sijaimaliza, anaijua sura ya mtu aliyemaliza.

Nilikwenda nyuma ya kabati la dawa nikafuta macho. Vumbi la kabati.

Mkate ukaja, akala. Sista Mkuu akaenda kuzungumza na watu wa gari la chai kwa lugha ambayo haimo kwenye mtaala. Aliporudi akaniuliza nilijuaje. Nikasema alinisifu. Akasema hiyo ndiyo kazi yenyewe: kumjua mgonjwa alivyo, ili ujue anapobadilika.

Kamusi alinipa mkono. Hakuniita kaka. Aliniita kwa jina langu.

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu ameamua kunifundisha. Sikuombwa maoni. Hajui uuguzi ila anajua maswali. Kila mapumziko nakaa kando ya kitanda chake, nasoma swali kwa sauti, naye ananikatiza. Anasema ugonjwa wangu ni kukimbilia majibu kabla swali halijaisha. Akaniamuru nimwone mtu kwanza: yuko kitanda gani, anafanyaje, anapumuaje.

Nimepata maswali ishirini na sita ya mazoezi kati ya thelathini. Nikarudia kuhesabu. Kamusi naye akahesabu, kwa kutoamini. Ishirini na sita.

Dada amenipikia bila kunikumbusha pasi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimetoka mtihanini. Ukumbi wa baridi, meza zinayumba, msimamizi ana viatu vinavyolia kila hatua.

Swali la arobaini na moja: wagonjwa wanne, uanze na nani. Mmoja anaulizia ndala zake, anaruhusiwa kwenda nyumbani. Mmoja ana maumivu siku ya pili baada ya upasuaji, analalamika sana. Mmoja ana homa, anasubiri dozi yake. Wa nne ana pumu. Saa nzima kifua kilikuwa kinapiga filimbi, sasa kimenyamaza, naye anasinzia.

Mkono wangu ulikuwa unakwenda kwa mwenye maumivu. Nikausimamisha. Nikawaweka wote wanne kwenye vitanda vya wodi yetu, nikatembea katikati yao. Kifua kilichonyamaza hakijapona. Hewa haipiti tena. Nikaweka alama kwa mwenye pumu. Nyayo zilinitoka jasho.

Nje Kamusi alikuwa ameegemea ukuta, kaishiwa na maneno. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nikamnunulia soda.

Ijumaa, 28 Machi

NIMEFAULU!

Kamusi pia, kwa alama ambazo sitaziandika. Dada alilia, kisha akanipimia sare mpya hapohapo, pini mdomoni, kaninyima kupumua. Mwalimu aliruhusiwa kutoka juzi, lakini alipiga simu. Akasema anashangaa, ila kwa sauti ya kujisifu. Sista Mkuu amesema nimefaulu kwa sababu siku nne za mwisho nilifanya kazi kama binadamu.

Nawaheshimu wote. Lakini nimetafakari, nami najua ukweli. Siku ya mtihani nilivaa soksi kinyume. Kushoto kulia, kulia kushoto. Hakuna maelezo mengine.

Jumapili, 30 Machi

Wazo limenijia nikioga. Kipaji kama hiki si cha kufungia kabatini. Nimeandika tangazo na kulibandika kwenye ubao wa hospitali: DARASA LA WATAHINIWA WA UUGUZI. MBINU ZA MSHINDI. HAKUNA KUSOMA SANA. Neno MSHINDI nimelipaka rangi nyekundu. Asubuhi nzima.

Kamusi alilisoma mara mbili. Akauliza kama nimesahau Mwalimu, kikombe cha sukari, na yote yale. Nikamjibu kwamba yeye ni mtu wa vitabu, hawezi kuelewa mambo ya soksi.

Alasiri mwanafunzi wa kwanza amekuja. Amechelewa saa moja na hana kalamu. Kabla hajakaa, ameniuliza kama kuna namna ya kufahamu magonjwa yote ya moyo bila kufungua sura ya moyo.

Nimempenda papo hapo. Nimemwambia avue viatu.