Bosi Hafungui Mdomo

Asubuhi ile Redio alifika kijiweni akisoma simu huku anatembea, nusura apige teke birika langu. Huyu ni dereva wa lori la mchanga. Tunamwita Redio kwa sababu habari ikimwingia haikai, lazima aitangaze.

"Jamani, sikieni hii! Eti mtoto aonwe na daktari wa meno jino la kwanza likichomoza. Asivuke mwaka mmoja!"

Profesa akaweka kikombe chini. Ni tarishi mstaafu. Kabeba barua za wasomi miaka thelathini mpaka elimu ikamwambukiza.

"Mwaka mmoja? Akifika atasemaje? 'Shikamoo daktari, gego linanisumbua'?"

Benchi zima likacheka. Benchi lenyewe liko mbele ya duka la Sindano, fundi cherehani, na mwanamke hapo ni mimi peke yangu, mwenye kahawa. Wote wananiita Shemeji, ingawa mume wangu hana ndugu hata mmoja.

"Halafu meno yenyewe ni ya muda," Sindano akasema bila kuinua macho kwenye pindo la suruali. "Yatang'oka tu. Nani anapaka rangi nyumba ya kupanga?"

"Na ikivuja unalala wapi?" Redio akamrudi.

"Mimi nimelea saba," Profesa akanyoosha vidole saba, tuhesabu. "Hakuna aliyemjua daktari wa meno."

"Ndiyo maana wote wanacheka wamefunika mdomo kwa kiganja," Redio akadakia.

"Ile ni heshima, bwana!"

Nilikuwa namimina kahawa kimya, lakini neno likaniponyoka. "Sindano, mbona Bosi siku hizi anatafuna upande mmoja?"

Bosi ni bintiye wa miaka mitatu. Jina kalipata kihalali: akitoa amri, cherehani inasimama.

"Anadeka tu, Shemeji. Yule halali bila chupa ya maziwa yenye sukari. Nikimnyang'anya, analia mpaka majirani wanagonga ukuta. Na mimi sipendi mwanangu alie."

Kicheko hakijaisha, mkewe akatokeza amembeba mtoto. Shavu la Bosi lilikuwa limevimba utadhani kaficha limau. Hakuamuru mtu. Kalaza kichwa begani kwa mama yake, mwili una moto kama pasi.

"Hajapata usingizi," mama akasema. "Baba Bosi, zima hiyo cherehani."

Sindano akasimama, tepu ingali shingoni. Hakuna aliyemtania. Redio alikuwa keshawasha lori. Wakajipanga mbele wote, lori la mchanga likawa gari la wagonjwa.

Mchana wakarudi. Bosi alikuwa anauma kipande cha pamba, ananyooshea kila mtu kidole kama kawaida yake. Roho zetu zikatulia.

"Limetoka moja, mawili yatazibwa," Redio akatangaza. "Lakini kazi ilikuwepo! Bosi kafunga mdomo kama kufuli. Daktari, dada mpole kweli, akasema, 'Baba, kaa wewe kwanza, mtoto aone.' Jamaa akakaa, kifua mbele. Akafungua mdomo. Daktari akanyamaza. Akamwita mwenzake. Wakanyamaza wawili!"

"Redio, yatosha," Sindano akasema.

"Haijatosha! Akaguswa gego la nyuma na kile kichuma. Lile yowe, watu wa foleni wawili waliondoka."

"Na machozi?" Profesa akauliza kwa hamu.

"Machozi? Ndoo! Bosi akamhurumia, akampanda mapajani, akamshika kidole. Akamwambia, 'Baba, nyamaza, ona mimi.' Ndipo akaachama mwenyewe."

Profesa akakohoa. "Wahenga walisema, mchelea mwana kulia..."

"Malizia tu," Sindano akamkatiza. "Nimelia mimi."

Akamfuta mtoto mate kwa pindo la shati. Aliponyanyua uso hakuwa anacheka.

"Daktari hakunigombeza. Aliniuliza tu chupa hukaa mdomoni mpaka saa ngapi. Nikasema mpaka asubuhi. Akaandika. Shemeji, kalamu ile iliniuma kuliko kile kichuma. Anasema ningemleta mapema, kingekuwa kitundu tu cha kuziba mara moja. Hayo meno ndiyo yanayoyashikia nafasi yale ya ukubwani. Sasa chupa basi, akiwa na kiu usiku ni maji. Mswaki asubuhi na kabla ya kulala, na dawa ya meno kiduchu tu."

"Naye akikataa?" nikauliza.

"Atalia. Nitakaa naye mpaka amalize."

"Hawa wanatafuta wateja tu," Profesa akasema, akabeba kofia yake akaondoka, kahawa hajaimaliza.

Kesho yake sikuwasha jiko. Nilimbeba mwanangu wa mwaka na nusu, meno yake manane, nikaenda kliniki. Kwenye foleni, mbele yangu, alikuwepo mzee aliyevuta kofia mpaka puani, na mtoto wa kike mapajani.

"Shikamoo, Profesa."

Kofia ikatikisika. "Marahaba, Shemeji. Mimi... nimekuja kuchunguza madai yao."

Mjukuu akanitazama, akamtazama babu yake, kisha akaninong'oneza kwa sauti iliyofika mpaka dirisha la dawa:

"Babu kasema tukikuona, tujifanye hatukujui."