Vita Vikuu vya Beji ya Ilpo

Jongeeni, enyi wapenda habari za mashujaa. Vuteni viti, zimeni majiko, na aliye na shughuli ya maana aiahirishe, kwa kuwa ninayoyaleta ni mazito kuliko hiyo. Nitasimulia jinsi Ilpo Hakkola, fundi wa lifti, mkazi wa Kuopio, Mwenye Vidole Viwili vya Kasi (vile vinane vingine havijui kuchapa), alivyosimama peke yake Jumamosi mchana kweupe dhidi ya jeshi la watu watatu, akalipigania jina lake kwa saa mbili na dakika nane bila kuinuka kitini, isipokuwa mara moja alipofuata kahawa. Wengi wamesifiwa kwa kupigania miji. Huyu alipigania beji.

Palikuwa na chama katika nchi ya Ufini kilichoitwa Zizi la Mwisho. Wanachama wake walikuwa ishirini na watatu, watu wazima wenye kazi zao, wengine wenye wajukuu, waliokutana mtandaoni kila siku iliyojaliwa na Mola kufuga ng'ombe wasiokuwepo. Katika mchezo wao walilima shalgamu za picha, ile mboga ya mizizi, wakakamua maziwa ya picha, kisha wakaingia katika ukumbi wa sauti kubishana: nani kapanda mstari uliopinda, nani kaazima ndoo ya mwenzake asirudishe. Kwa ukali wa mabishano yale, ungedhani taifa zima linangoja maziwa yao lipate kifungua kinywa.

Na miaka mitatu kabla ya vita ninavyovisimulia, msiba ulikipiga chama hicho. Heluna, ng'ombe aliyelelewa na wote kwa miezi minane, mwenye kengele shingoni na shada la maua aliloshonewa kwa kura, alitoka kwenye lango lililoachwa wazi, akatembea kwa adabu zake zote hadi kwenye tope la kinamasi, akazama. Lawama ikamwangukia Ilpo, kwa sababu ilikuwa lazima imwangukie mtu. Tangu hapo jina lake ukumbini likawa Mwacha Lango. Akisema amechoka, wanamuuliza kama amefunga mlango. Akisema anakwenda kula, wanamuuliza kama friji ina komeo. Alicheka nao miaka mitatu, maana asiyecheka hutaniwa mara mbili, lakini hakupenda hata siku moja.

Sasa, Jumamosi hiyo, saa tisa alasiri, Kaisu wa Oulu alipanda jukwaani. Huyu Kaisu ni mwalimu wa hesabu, mwenye ulimi uliopigwa msasa, ambaye hajawahi kushindwa mjadala tangu shalgamu ya kwanza ilipopandwa. Akatangaza kwamba baada ya siku kumi chama kitakutana ana kwa ana kwa mara ya kwanza, siku tatu nzima, katika ukumbi wa shule mjini Jyväskylä, na kwamba yeye mwenyewe ametengeneza beji za kuvaa kifuani. Kisha akazionyesha. Ya kumi na saba ilisomeka: ILPO MWACHA LANGO, na chini yake kichoro cha ng'ombe akipunga mkono.

"Nazichapisha leo jioni," alisema Kaisu. "Mwenye neno aseme."

Moyo wa shujaa ulishuka hadi kwenye soksi. Ilpo ana miaka arobaini na sita, anaishi peke yake, na tangu ahamie Kuopio watu waliokwisha kumwita kwa jina lake la kwanza wanahesabika kwa mkono mmoja, daktari wa meno akiwamo. Alikuwa amenunua shati kwa ajili ya Jyväskylä. Na juu ya shati hilo, mbele ya watu aliotamani kuwaona kwa miaka sita, angetembea siku tatu akiwa kichekesho kabla hajafungua kinywa.

Akasukuma kando andazi lake la iliki, akaisogeza maikrofoni ya hedifoni karibu na mdomo, akanena.

"Enyi wa Zizi la Mwisho, enyi mliokula kiapo cha uma na ndoo, nisikilizeni. Miaka mitatu nimelibeba jina ambalo hakuna mahakama iliyonipa. Ni nani aliyeniona? Nani aliyeshuhudia? Nautaka ushahidi, la sivyo nataka beji yenye jina langu na si zaidi."

Kisha ikasikika sauti ya mtu anayetafuna.

"Bwana, hotuba tamu," alisema Jalmari wa Joensuu, dereva wa magari ya magogo, ambaye hajawahi kuongea ukumbini bila soseji mdomoni. "Umeiandika au imekutoka tu?"

"Imenitoka."

"Basi funga na hapo inapotokea, isije ikazama."

Wote wakacheka, na mzee Taisto wa Rauma akagonga meza. Taisto ni mhandisi mstaafu wa meli, msimamizi wa ukumbi, Mwenye Kitufe cha Kunyamazisha, na silaha hiyo ameitumia mara nyingi kuliko simu yake. Akawakumbusha Kanuni ya Kiti, aliyoitunga mwenyewe baada ya mjadala wa kupanda viazi kuchukua siku nne: anayeondoka ukumbini kabla ya kura amekubali kushindwa, na hakuna rufaa. Wakasema wameelewa. Vita vikaanza rasmi.

Ilpo alishambulia kwanza kwa hoja ya upepo. Alieleza kwa kirefu kwamba lango la mbao, likipigwa na upepo wa kaskazini, huweza kufunguka lenyewe.

"Kwenye mchezo hakuna upepo," alisema Kaisu.

"Majani yanatikisika."

"Ilpo kaka yangu, yanatikisika hata ndani ya ghala. Hilo ni pambo. Endelea."

Akaendelea. Akaleta hoja ya pili, kwamba ng'ombe mwenye akili kama Heluna huenda alilisukuma lango kwa pua. Jalmari akajibu kwamba kama Heluna angekuwa na akili hiyo, angesoma na kibao cha kinamasi. Hapo Ilpo akajaribu hila kuu ya mabwana wa vita, ya kumgeukia hakimu, akauliza kwa sauti ya radi ni fundi gani aliyejenga lango lisilojifunga lenyewe.

"Mimi," alisema Taisto.

"Sikuwa namaanisha wewe, mzee wangu."

"Nalijua hilo. Ila kidole changu kiko kwenye kitufe."

Basi mapambano yakaenda hivyo, huku na huku, saa nzima na zaidi. Wanachama wengine kumi na tisa waliingia kusikiliza, wakawa wanarusha vikatuni vya ng'ombe kwenye ubao wa maandishi kila Ilpo alipopigwa. Kahawa ilipoa. Hoja ya sita ya shujaa ilikuwa na vipengele vinne, na nisingependa kuirudia, kwa heshima yake.

Ilipotimu saa kumi na dakika hamsini, Taisto akakohoa kikohozi cha mtu aliyekalia jambo.

"Umeomba ushahidi, mwanangu. Mimi kumbukumbu za mchezo ninazo zote, tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyewahi kuniuliza, basi nikatulia. Nisome?"

Ni nani aliyemwambia Ilpo aitikie? Hakuna. Lakini mashujaa ndivyo walivyo, hupiga kifua kwanza na kufikiri baadaye.

"Soma," alisema.

Taisto akasoma kwa sauti ya kutangaza vifo. "Jumamosi, wiki ya pili ya Novemba. Saa kumi na dakika hamsini na saba, Ilpo kafungua lango. Ilpo katoka mchezoni. Saa kumi na moja na dakika nne, Heluna kapita langoni. Saa kumi na moja na dakika tisa, Heluna kazama. Hapo katikati hakuna mwingine aliyeligusa."

Ukumbi ukalipuka. Ng'ombe walimiminika ubaoni mpaka maandishi yakafunikwa. Jalmari alicheka mpaka akapaliwa na soseji, na kwa muda mfupi walidhani chama kitapata msiba wa pili. Ilpo mwenyewe alikaa akiitazama skrini. Miaka mitatu aliapa kwamba hakuwa yeye, na aliamini anachoapa. Kumbe ndiye.

Walimtania dakika nyingine kumi, naye alikuwa akitazama saa iliyo ukutani. Ikapiga kumi na moja, ikapita. Mara mbili alishika hedifoni azivue, mara mbili akaikumbuka Kanuni ya Kiti, akaziachia. Ikawa kumi na moja na dakika tatu.

"Jamani," alisema, na safari hii hapakuwa na radi. "Kaisu, chapisha tu. Mmeshinda. Mimi naondoka."

"Ndiyo umekubali?" aliuliza Kaisu.

"Nimekubali kwamba niliacha lango. Jina silikubali. Sikuingia kwenye mchezo huu kutafuta jina, jina ninalo, na linaniuma mnapolificha chini ya ng'ombe. Lakini siwezi kukaa tena. Zamu yangu ya sauna imeanza."

Kitu fulani kilitokea ukumbini, maana kwa Mfini zamu ya sauna, chumba cha kuoga mvuke wa mawe ya moto, ni kitu kitakatifu. Katuni za ng'ombe zilikoma. Jalmari aliacha kutafuna, na kwa kukosekana kwa sauti hiyo wote walijua kwamba mambo yamebadilika.

"Ngoja," alisema Kaisu taratibu. "Zamu yako ni saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Jengo zima mnatumia moja?"

"Moja tu, iko chini kabisa. Kila mtu na saa yake kwa wiki. Yangu Jumamosi, kumi na moja hadi kumi na mbili. Mwaka wa kumi na moja huu."

"Na sasa hivi ni kumi na moja na dakika nne."

"Tano."

"Kwa hiyo sasa hivi mawe yana moto," alisema Kaisu, "na hakuna mtu ndani."

"Hakuna mtu."

"Mungu wangu," alisema Taisto.

"Wa saa kumi na mbili ni mama Sirkka wa ghorofa ya nne," aliongeza Ilpo kinyonge, "na hachelewi."

Hapo Kaisu wa Oulu, ambaye hajawahi kushindwa mjadala, alifanya jambo ambalo wanahistoria wa chama watalichambua hadi shalgamu za picha ziote mizizi. Aligeuza silaha zake zote, akasimama upande wa adui yake.

"Mzee Taisto, soma tena. Lango lilifunguliwa saa ngapi?"

"Saa kumi na dakika hamsini na saba."

"Siku gani?"

"Jumamosi."

"Haya. Mtu ana dakika tatu. Taulo hajachukua. Yuko ghorofa ya ngapi, Ilpo?"

"Ya sita."

"Ya sita. Sasa nawauliza ninyi nyote, na mniambie bila haya. Ni nani kati yetu angerudi kufunga lango?"

Watu ishirini na wawili walijichunguza dhamiri zao, na katika wote hakupatikana hata mmoja.

"Mimi nisingerudi hata kama ng'ombe ni wa kweli," alisema Jalmari. "Na Ilpo, kaka, ungesema tangu mwanzo. Sisi tulidhani ni uzembe."

"Sikukumbuka. Kila Jumamosi huwa nakimbia hivyo hivyo."

"Kura," alisema Taisto, na sauti ya yule mzee ilikuwa imelegea. "Wanaosema huyu ana kosa?" Ubao ukabaki mweupe. "Wanaosema hana?" Vidole gumba vikapanda, kimoja baada ya kingine, hadi ishirini na viwili. Basi tazameni: hoja sita hazikumwokoa, upepo haukumwokoa, hatia yake ikathibitishwa mpaka dakika, na hapo hapo akaachiliwa kwa heshima zote.

"Nafuta," alisema Kaisu. Vilisikika vitufe vya kibodi yake, kisha mashine ya kuchapisha ikakoroma kule Oulu. "Imetoka. ILPO HAKKOLA, KUOPIO. Basi. Na ng'ombe nimemtoa. Nenda bwana, unapoteza moto."

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika nane. Na iandikwe popote yanapoandikwa mambo makubwa, baada ya mikataba ya mataifa na kabla ya matokeo ya mpira, kwamba siku hiyo kipande cha karatasi chenye urefu wa sentimita saba kilichapishwa, na dunia haikuwa tena ile ya saa tisa alasiri. Ipigwe mizinga. Lifti ya jengo lile ilikuwa mbovu, fundi wake akiwa ni yeye mwenyewe, kwa hiyo mshindi aliteremka ghorofa sita kwa ngazi, taulo begani na ndala miguuni, akipita katikati ya umati ambao haukuwapo.

Alikuta mawe yamepata moto sawasawa. Alikaa kwenye benchi la juu, akamwagia mawe maji kata moja, akangoja mvuke umfikie mabegani. Kisha akalitamka jina lake kwa sauti, lote, mara moja, na hapakuwa na mtu wa kuongeza kitu.